Rangi Iliyofichwa

Kila Jumatano baada ya masomo, wanafunzi wa chama cha kompyuta huko Dabaso waliendelea na kazi yao: programu ya kuwaelimisha wageni kuhusu mikoko. Phoebe na Uthman walitumia kompyuta moja. Kazi waliitunza kwa Git, chombo kinachokumbuka kila badiliko. Kabla ya kuhifadhi, Git iliwaonyesha mistari mipya kwa rangi ya kijani, na iliyoondolewa kwa nyekundu.

Phoebe aliichukia nyekundu. Madaftari yake ya hesabu yalijaa wino huo wa masahihisho. Siku moja, Uthman hayupo, aliiagiza Git iandike mistari iliyoondolewa kwa rangi nyeusi. Skrini yenyewe ilikuwa nyeusi, basi wekundu ukatoweka. Akaipanga upya faili ya Uthman, akaona pengo refu katikati ya kijani, akahifadhi bila kujali.

Jumatano iliyofuata Uthman alifungua faili ile, akapigwa na butwaa.

"Maneno ya bibi hayapo!"

Bibi yake alimsimulia matumizi ya mchu na mlilana, aina za mikoko, muda mfupi kabla ya kufariki. Uthman hakuyaandika kwingine.

"Hukuhifadhi wewe," Sanga, mwanachama mwenzao, alimtania. "Hata viatu vyako unavisahau!"

Uthman hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

Phoebe alilikumbuka lile pengo. Akinyamaza, nani atajua?

"Mwalimu," alisema, "Uthman alihifadhi. Ni mimi niliyeyafuta. Niliificha nyekundu, sikuona."

Mwalimu Jedida, mlezi wa chama, hakumkaripia. "Rudisha rangi kwanza, mwanangu."

Phoebe aliandika amri, akafungua badiliko la juma lililopita. Mistari ikajitokeza, yote myekundu. Uthman aliisoma polepole, kana kwamba anamsikia bibi akisema. Kisha Phoebe akalitengua badiliko lile, na maneno yakarudi mahali pake.

"Niwie radhi, Uthman."

"Yamepita. Lakini faili yangu usiiguse tena bila kuniambia."

Mwalimu aliwatazama wote. "Rangi badilisheni mpendavyo, hata samawati. Msichague ya kuficha. Wekundu huu si adhabu. Unatuonyesha tulichoondoa, tupate kukirudisha. Git iliyatunza maneno, Phoebe, lakini bila ukweli wako tungemlaumu Uthman na kuacha kuyatafuta."

Jioni ile Phoebe alifungua daftari lake la hesabu, na kwa mara ya kwanza akasoma kile ambacho wino mwekundu ulikuwa ukimwambia.