Brashi Zilizopotea Kabuchai

“Hapo! Umesikia hapo?”

“Wapi, mzee?”

“Hapo huyu mama anayeimba anaposhusha sauti! Kwa santuri, nyuma yake kuna mutu anapiga ngoma na brashi. Shh-shh, shh-shh, kama bibi harusi anafagia kwa mama mkwe mara ya kwanza. Kwa hii sidi wametoa yote. Si huo ni wizi?”

Mzee Khaemba alibonyeza kitufe, sidi ikanyamaza. Alikuwa amemkalisha Gathii kiti cha katikati, kati ya spika mbili, shingo imenyooka kama mtu anayenyolewa. Ilikuwa Jumapili mchana huko Kabuchai, mwaka ule wa kura ya maoni, nchi nzima ilipogombana kwa sababu ya alama za ndizi na chungwa. Kwa Khaemba hakuna aliyejali mambo ya kura. Kwake kulikuwa na swali moja tu: santuri ama sidi?

Nasike alisimama mbele ya mlango wa jikoni, sinia mkononi, roho juu. Gathii alikuwa mpenzi wake, kijana wa mtaa wa Tuwan, Kitale, anayekodisha vyombo vya muziki kwenye harusi, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuletwa nyumbani. Sidi nazo zilikuwa zawadi ya Nasike. Alimsumbua binamu yake wa Nairobi mpaka zikapatikana, albamu zilezile za jazi ambazo baba alizinunua akiwa karani kijana, za wanawake wa Marekani wanaoimba kama wanakunong’onezea siri, sasa zimesafishwa sauti upya.

Na brashi zilikuwepo. Nasike alizisikia vizuri tangu mlangoni, tena zaidi kuliko kwenye santuri.

Gathii alimtazama mzee. Akamtazama Nasike. 

“Kweli, mzee. Wamezitoa.”

“Ehee! Huyu ana masikio! Mama Nasike, umesikia?”

“Hata sokoni Myanga wamesikia, vile unapiga kelele!”

Huyo alikuwa Mama Wilkista, mamake Nasike, amejifungia jikoni tangu mgeni aingie. Kwa mila ya kwao, mama haketi sebule moja na mtu anayetaka kuwa mkwe wake. Lakini hakuna mila inayokataza kusikiliza, na ufa wa ule mlango ulikuwa mpana wa kutosha jicho.

Kuku alipoletwa, mzee akafanya jambo ambalo Nasike hakuwahi kuliona maishani mwake. Aliikata firigisi, ile isiyoguswa na mtu isipokuwa mwenye boma, akampa Gathii nusu.

“Kula. Wewe ni mutu wa ukweli.”

Kisha akazisukuma sidi kwa bintiye. “Na hizi zirudi Kitale. Takataka. Hata fundi amekubali.”

Gathii akatafuna, macho kwenye sahani.

*

Waliondoka wakitembea kwenye barabara ya vumbi ya murram, miwa kushoto na kulia. Nasike alitembea mbele kama mtu anayefukuza kuku.

“Nasike, si ungoje bana. Firigisi haijashuka bado.”

“Isishuke.”

“Ati?”

“Brashi ziko ama haziko?”

Gathii akajikuna kisogo. “Ziko.”

“Ziko wazi?”

“Wazi kabisa. Ile sidi ya jalada la buluu wamefanya kazi nzuri. Hata pumzi ya yule mama unaisikia kabla hajaanza kuimba. Santuri ya mzee imechakaa, sindano imeilima kama jembe.”

“Na mbele ya baba ukasema wametoa!”

“Sasa ningefanya nini? Kwetu hakuna kijana anambishia baba ya msichana siku ya kwanza. Kwenu kuna?”

“Hakuna. Ungenyamaza. Ungekohoa hata! Lakini kudanganya mtu ukimtazama machoni?”

“Nilimhurumia, Nasike.” Sauti ya Gathii ilishuka, utani ukamtoka. “Mzee wako hasikii hizo sauti nyembamba tena. Brashi, sahani za ngoma, herufi za mwisho mtu akiongea. Mimi hii ni kazi yangu, nimeona. Kwa santuri pia hazisikii. Anazikumbuka tu, kwa sababu ameicheza maisha yake yote. Sidi ni mpya, hana cha kukumbuka.”

Nasike alisimama katikati ya barabara. Mambo mengi yakajipanga kichwani mwake kwa mpigo: redio inayowashwa mpaka majirani wanajua taarifa ya habari, mama anayejibiwa kitu tofauti na alichouliza, baba aliyeacha kwenda mikutano ya kanisa akisema vijana wa siku hizi wanaongea chini chini.

“Kwa hivyo ulijua baba yangu anapoteza masikio, ukala kuku wake, ukanyamaza?”

“Nilitaka anipende.”

“Derrick, yule wa kabla yako, naye alitaka nimpende. Kila kitu kwake ilikuwa ndiyo, mpenzi, ndiyo, mpenzi, mpaka siku nilipomkuta Myanga anamnunulia mke wake viatu. Mke, Gathii! Mimi hizo ‘ndiyo’ za namna hiyo nimekula nikashiba. Leo umemwitikia baba. Kesho utaniitikia mimi, na sitajua.”

“Nasike...”

“Beba hizi sidi, nenda na matatu yako. Mimi nitapanda nyingine.”

*

Juma lile Nasike aliuza dawa za ng’ombe na mbegu katika duka la mifugo la Kitale akiwa na uso wa mtu anayeumwa jino. Simu ikilia, anaangalia, anaiweka chini. Ujumbe nao ukaingia.

“Sasa. Umekula?”

Kimya.

“Najua umenuna. Hata ukinitukana ni sawa, bora uandike.”

Alifika mpaka kuandika “Unanikosesha usingizi, mjinga wewe,” akaifuta.

Jumamosi asubuhi hakukuwa na ujumbe. Nasike akajiambia afadhali, kisha akaitazama simu kila alipopima kilo ya mbegu, mpaka mteja mmoja akaondoka na maharagwe badala ya mahindi.

Ikalia. Ni mama, na ananong’ona.

“Nasike! Yule mutu wako yuko hapa!”

“Nani?”

“Gathii! Amekuja peke yake, hana hata mukate mkononi! Amebeba mashine yake ya muziki. Na mimi nimefungiwa jikoni, chai iko sebuleni, siwezi pita!”

“Mama, anafanya nini?”

“Ngoja niangalie kwa ufa. Amesimama. Amekataa kiti. Anaongea... Uwi!”

“Nini?”

“Amesema, ‘Mzee, Jumapili nilikudanganya.’ Anaongea kwa nguvu ndiyo mzee asikie. Anasema brashi ziko. Anasema shida si sidi, ni masikio. Masikio ya Khaemba! Nasike, huyu kijana umemtoa wapi?”

“Baba amesema nini?”

“Hajasema. Amesimama. Anavaa kofia. Haiya, ameitoa. Ameenda dirishani, ametupa mgongo.”

Nasike alikuwa ameketi juu ya gunia la mbolea bila kujua amefika hapo vipi. Baba yake aliwahi kumfukuza mchungaji kwa kusema jazi ni muziki wa baa. Gathii atatolewa kwa fimbo, na hapo mambo yao yataisha kabisa, na yeye Nasike ndiye aliyemtuma bila kumtuma.

“Mama, mwambie Gathii atoke!”

“Nitamwambia vipi na mimi siruhusiwi kumuona? Ngoja. Mzee anageuka. Anasema... anasema, ‘Tangu lini umejua?’ Kijana anasema tangu Jumapili. Mzee anasema yeye ana miaka tatu anajua. Miaka tatu, Nasike! Na mimi nalala na yeye! Ati kila mutu alikuwa anamwitikia tu, akaona afadhali alaumu—”

Simu ikakatika. Kredo ya simu ya mama ilikuwa imeisha.

Nasike alipiga. Akakosea nambari, akapiga tena.

“Mama!”

“Nyamaza, nyamaza. Kijana amemvalisha ile kitu ya kuziba masikio, yenye waya. Ameweka sidi ya buluu. Anazungusha vifundo vya mashine. Mzee ametulia kama mutu anaombewa.”

“Halafu?”

 Nasike alisikia pumzi ya mama tu, na kwa mbali jogoo.

“Mama?”

“Nasike, baba yako anafagia.”

“Anafagia nini?”

“Hewa. Mukono wake unaenda hivi, hivi, polepole. Shh-shh. Shh-shh. Na analia, mwanangu, lakini usimwambie nimekuambia.”

Nasike akauziba mdomo wake kwa leso. Mteja aliyekuja kuuliza dawa ya kupe akaona heri arudi baadaye.

Kukawa na kishindo, mlango wa jikoni ukafunguliwa, na sauti ya Mzee Khaemba ikajaa kwenye simu.

“NASIKE!”

“Baba, nakusikia.”

“Mutu wako alinidanganya!”

“Najua, baba.”

“Leo amekuja kunitukana masikio, ndani ya nyumba yangu!”

“Najua.”

“Jumatatu ananipereka Bungoma kwa daktari wa masikio! Nimekubali! Na wazee wake wa Kitale waje, nawangoja! Lakini umwambie kitu moja: santuri bado ni bora!”

“Hapana, mzee!” Ilikuwa sauti ya Gathii, karibu sana. “Ya buluu, sidi inashinda. Ile nyekundu ndiyo nakubaliana na wewe, huko walipandisha sauti mpaka mwimbaji anaimba kama anauza samaki. Lakini ya buluu, hapana!”

“Wewe kijana! Uko kwangu!”

“Niko kwako na bado hapana!”

Mama Wilkista alicheka jikoni mpaka sufuria ikaanguka. Simu ikapita mkono hadi mkono, kisha kukawa na sauti moja tu, ya chini, ya kuogopa.

“Nasike. Bado umenuna?”

“Kidogo.”

“Hiyo kidogo, nije niimalize Kitale ama uje uimalizie hapa?”

Nasike alikuwa tayari anatafuta ufunguo wa duka.

“Kaa hapo hapo, nakuja. Na Gathii?”

“Naam?”

“Usikubali kitu chochote mpaka nifike.”