Siku Kompyuta ya Naima Iliponyamaza

Bi Mwantumu anakaa Mlandege, Iringa. Kila asubuhi hukaanga vitumbua na kuviuza mlangoni kwake. Ana watoto wawili. Idrisa ni utingo wa lori la mbao. Naima, binti yake, ana miaka ishirini na tatu.

Naima haoni. Aliugua macho akiwa na miaka tisa. Lakini alisoma hadi akamaliza chuo. Ana kompyuta yenye programu inayosoma kwa sauti. Akibonyeza herufi, kompyuta inaitaja. Akifungua barua, kompyuta inamsomea. Masikio yake ndiyo macho yake.

Wiki ile Naima alikuwa na kazi kubwa. Shirika moja la Mbeya linachapisha vitabu vya watoto wasioona. Lilitafuta mhariri. Lilimtumia Naima hadithi nne azisahihishe, kama mtihani. Mwisho wa kuzirudisha ulikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri.

Alhamisi asubuhi ilibaki hadithi moja. Naima akawasha kompyuta. Akangoja.

Kimya.

Akabonyeza kitufe cha kuongeza sauti, kisha herufi moja baada ya nyingine. Kimya. Akaizima kompyuta, akaiwasha tena. Kimya.

"Mama!" aliita. "Kompyuta imekuwa bubu!"

Bi Mwantumu akaipeleka kwa fundi wa barabarani. Fundi hakuifungua wala hakuuliza kitu. "Spika zimekufa," alisema. "Iache. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu? Mtihani wake ni leo!"

"Basi mama, mimi nitafanyaje?"

Bi Mwantumu akarudi nayo nyumbani. Alimkuta Naima ameinama, mikono magotini.

"Mama, miaka yote hii nimesoma," Naima alisema. "Leo nashindwa kwa sababu ya spika?"

Mama alichukua simu akampigia jirani yao, mwalimu Yudith. Yudith hufundisha kompyuta sekondari. Siku ile alikuwa kijijini kwao Igowole, wanavuna viazi.

"Shikamoo, Mama Naima."

"Marahaba, mwalimu. Wenzio tumekwama." Akaiweka simu kwa sauti kubwa, Naima naye asikie, akamweleza yote.

"Msikate tamaa," Yudith alisema. "Kompyuta ikinyamaza, si lazima spika ziwe zimekufa. Tunaanza na mambo madogo. Mna visikizio vya waya? Tungejaribu kusikia kwa hivyo."

"Vilitafunwa na panya," Naima alijibu.

"Haya. Basi nahitaji mtu wa kuniangalizia kioo. Nani yupo hapo anayeona?"

"Nipo mimi tu, Idrisa kaondoka na lori," Bi Mwantumu alisema. Sauti yake ikashuka. "Lakini mwalimu, mimi kisomo nimeanza juzi juzi."

Ni kweli. Bi Mwantumu hakusoma utotoni. Alikuwa na miezi minane tu katika darasa la watu wazima. Kusoma mbele za watu kulimtoa jasho.

"Herufi unazijua?" Yudith aliuliza.

"Herufi nazijua zote."

"Zinatosha. Tazama kioo, chini, upande wa kulia. Kuna picha ndogo ya spika?"

Bi Mwantumu akasogeza uso. "Ipo. Kama kijitarumbeta."

"Ina alama ya mkasi, ile ya kukosa?"

"Haina. Ina vimistari pembeni."

"Vizuri. Ingekuwa na mkasi, sauti ingekuwa imefungwa. Sasa iguse hiyo picha kwa mshale. Umeona nini?"

Naima aliushika mkono wa mama yake, akauweka mahali pa kusogezea mshale. Mshale ulikimbia huku na huko. Mwishowe ukatulia juu ya picha. Mama akabonyeza. Yudith akamwelekeza alama nyingine ndogo ya kubonyeza.

"Pamefunguka orodha," mama alisema. "Mistari miwili. Lo, ni Kizungu!"

"Usisome neno. Taja herufi moja moja. Naima ataunganisha."

Bi Mwantumu akaweka kidole kwenye kioo. "S. P. E. A. K. E. R. S."

"Speakers!" Naima alisema. "Hizo ni spika za ndani ya kompyuta."

"Mstari wa pili?" Yudith aliuliza.

"B. T. Kistari. Nane, sifuri, nane. Mwalimu, huu wa pili una alama ya vema."

Naima akaruka. "Hiyo siyo kompyuta yetu! Hiyo ni spika ya Ma'mdogo Shufaa wa nyumba ya pili! Jana Idrisa aliwapigia kaswida kwenye maulidi kwake kwa kompyuta hii!"

Yudith akacheka. "Ndiyo hivyo. Spika ile inaungana na kompyuta bila waya, kwa bluetooth. Idrisa hakuitenganisha. Sauti yenu haijapotea, inakwenda nyumba ya pili. Mama Naima, bonyeza mstari wa kwanza."

Bi Mwantumu akapeleka mshale polepole. "Bismillahi," alisema, akabonyeza.

Naima akagusa kitufe kimoja. Kompyuta ikasema kwa sauti kubwa: "Hadithi ya nne. Sungura na kisima."

Naima alimkumbatia mama yake hadi kilemba kikaanguka. "Mama umesoma! Umesoma Kizungu!"

Hapohapo Bi Shufaa mwenyewe akaingia bila hodi. "Shoga, nina mambo! Tangu asubuhi kabatini kwangu kuna mtu anataja herufi. Nimesoma dua zote. Sasa hivi kanyamaza!"

Walicheka mpaka Bi Shufaa naye, alipoelezwa, akakaa chini kwa kicheko.

Kwenye simu, Yudith aliwakumbusha. Ukimaliza kutumia spika ya nje, izime, na uzime bluetooth ya kompyuta. Sauti ikipotea, angalia kwanza kama imefungwa au imeshushwa. Zima na uwashe. Tazama imechagua spika ipi. Jaribu visikizio. Kama vinasikika na spika hazisikiki, hapo fundi ana haki ya kufungua.

Saa tisa na robo Naima alituma hadithi zote nne.

Baada ya wiki mbili barua ilikuja kwa mtandao. Kompyuta ilimtajia Naima kuwa imetoka Mbeya. Lakini hakuiacha kompyuta isome. Aliipunguza sauti hadi mwisho, akamgeuzia mama kioo.

"Soma wewe."

Bi Mwantumu akafuta mikono yenye unga wa vitumbua. Akaweka kidole chini ya mstari.

"Ndu-gu Na-i-ma," alisoma. "Tu-na-fu-ra-hi..." Akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Akavuta pumzi. "Tunafurahi kukujulisha kuwa umepata kazi."

Akarudia tena tangu jina la Naima, safari hii bila kukata neno hata moja.