Laptopu Iliyopotea Wakati wa Jumuiya

Saa mbili na dakika kumi, Jumamosi asubuhi, Walburga Komba aligundua kuwa ameibiwa.

Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka sala ya jumuiya, nyumba ya tatu kutoka kwao, hapo hapo mtaani Bombambili, Songea. Laptopu yake ndogo aliiacha mezani sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kilikuwepo, kimetandazwa vizuri, ncha nne sawasawa. Chini yake meza tupu. Chaja bado ilikuwa kwenye soketi, waya unaning'inia.

Mwingine angepiga yowe mtaa mzima ukajaa. Walburga si wa yowe. Alivuta kiti, akakaa, akatazama saa ya ukutani. Muda uliombakia ulikuwa saa nne kasoro.

Huyu ni mwanafunzi wa biashara, mwaka wa pili. Darasani walikicheka hicho kilaptopu chake, wakakiita kikokotoo, naye akawajibu kuwa wenye vioo vikubwa wanatazama video na yeye anazitengeneza. Kampuni moja ya kahawa kule Mbinga ilikuwa inatafuta mpiga video, na video ya majaribio ilitakiwa ifike kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Yake ilikuwa tayari, dakika moja tu: mama yake mkubwa Suzana, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, akikaanga kahawa jikoni kwa kuni. Nakala nyingine haikuwepo, maana simu ilijaa akafuta kila kitu. Akiikosa nafasi hiyo, Jumatatu ni usaili wa benki, na benki hakuitaka hata kwa dawa.

Alianza na Remmy, fundi simu aliyepanga chumba cha uani. Wiki nzima Remmy alikuwa akimsumbua amuuzie ile laptopu apate vipuri.

"Remmy, asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nafua. Kwani vipi?"

"Laptopu yangu haipo."

"Ukaona mwizi ni mimi!" Remmy alitupa shati kwenye beseni. "Haya, chaja imekwenda?"

"Ipo."

"Sasa we Walburga, betri yako inakaa dakika ngapi bila chaja? Kumi? Na chaja ya aina ile kuipata hapa Songea ni kazi. Fundi mzima niibe laptopu niache chaja? Huyo atakuwa mwizi wa wapi?"

Maneno yalikuwa na uzito. Aliyeichukua hakutaka kuiuza wala kuiwasha. Alitaka isionekane tu, basi. Na mtu wa kutaka hivyo Walburga alimjua: baba mkubwa Hironimus, mume wa Mama Suzana, aliyehangaikia ule usaili wa benki mpaka viatu vikaisha soli. Tena asubuhi hiyo goti lilimuuma, hakwenda jumuiya.

Alimkuta amejilaza chumbani, kikombe cha chai juu ya Biblia.

"Ba'mkubwa, laptopu yangu imechukuliwa saa ya sala. Wewe ulikuwa ndani."

"Unaniuliza au unanishitaki?"

"Nakuuliza. Kazi ya video huitaki."

"Siitaki, na nimekwambia mbele ya watu. Mimi nikitaka kukuzuia nina mdomo, mwanangu." Mzee alijiinua kwenye mto. "Tena sikutoka humu. Nimemsikia mama yako tu, aliporudi kuchukua kitabu cha nyimbo."

"Saa ngapi?"

"Redio ilikuwa inaanza taarifa ya saa moja."

Walburga alikitazama kile kikombe juu ya Biblia. Mzee huyu hajawahi kufunika kitu maishani mwake. Lakini mwizi wa leo amebeba laptopu, halafu akarudishia kitambaa juu ya meza tupu, akakinyoosha ncha zote nne. Nani humu ndani hawezi kuiacha meza wazi hata nyumba ikiungua? Alitamani awe amekosea.

Mama Suzana alikuwa jikoni, anapembua maharage.

"Mama, laptopu umeiweka wapi?"

"Laptopu gani tena?"

"Kitambaa umekinyoosha, Mama. Mwizi hanyooshi kitambaa."

Ungo ulisimama. Machozi yalimtoka Mama Suzana.

"Ipo sandukuni, kwenye vitenge. Saa sita ikipita ningekurudishia, haki ya Mungu."

"Lakini kwa nini, Mama? Wewe ndiye uliyenitetea kwa Ba'mkubwa!"

"Jana jioni ulipotuonyesha ile video, mlicheka, na mimi nikacheka. Moyoni niliungua. Kanga imechanika kwapani, kichwa wazi, masizi mpaka puani! Ndugu zangu wako Mbinga, Walburga. Waseme Suzana aliolewa Songea akawa hivyo? Kukukatalia nikashindwa, ulikuwa na furaha mno."

Walburga alikaa chini sakafuni. Mwangaza alikuwa ameupima na sauti ameisafisha, ila mwenye sura hakumuuliza hata neno moja. Aliona aibu, akaisema.

"Nisamehe, Mama. Ile naifuta. Bila ruhusa yako situmi kitu, hata kama ni benki, nitakwenda benki."

Mama Suzana alipangusa macho, akanyanyuka.

"Nani kasema benki? Kahawa mbichi bado ipo. Ngoja nikaoge."

Alitoka na kitenge kipya, kilemba kimekaa, akaanza kuamrisha: hapo usipige, simama huku, Hironimus ondoa hicho kiti. Walipiga, Walburga akakatakata na kuunganisha, chaja imechomekwa. Saa sita kasoro dakika tisa video ilikuwa tayari.

Mama Suzana alivaa miwani akaitazama mpaka mwisho. Akataka irudiwe. Dakika zilikwenda, Walburga jicho kwenye saa ya ukutani.

"Huyo ndiye mimi," alisema Mama Suzana. "Tuma."