Mlango wa Mfaume

Kiangazi kile jua liliwaka Kibuta mpaka majani ya mikorosho yakajikunja. Siku yenyewe Hamisa alikuwa barazani kwake anamenya muhogo, redio inaimba taratibu, kuku wamejilaza kivulini midomo wazi. Siku ya kawaida kabisa ya msimu wa moto.

Kijiji kilikuwa na utaratibu wake. Anayeona moto anapiga debe, na kila anayesikia anatoka na tawi bichi, jembe au ndoo ya maji. Mwenyekiti wa kamati ya moto alikuwa Mfaume, kaka yake Hamisa, tumbo moja.

Lakini kiangazi kilichopita, Hamisa akiwa Kongowe kumuuguza binti yake aliyejifungua, moto wa tanuri la mkaa uliponyoka porini ukaizunguka nyumba ya Bi Mwanajuma, mjane mzee aliyenong'onwa kuwa ni mchawi. Alipiga debe. Alipiga sana, akilia apewe maji. Watu walitoka na matawi yao, wakamtazama Mfaume.

"Mwacheni," alisema. "Moto wake anaujua mwenyewe."

Wakarudi ndani. Hamisa aliporudi alikuta kaburi, na watu wanaotazama chini kila alipouliza. Alipojua ni nani aliyesema neno lile, hakugusa tena chakula nyumbani kwa kaka yake.

Sasa, muhogo ukiwa bado mkononi, alisikia debe. Lilitoka upande wa kwa Bi Mwanajuma, palipobaki kiwanja cheusi tu. Watu walikimbia na matawi. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na mtu. Kesho yake, watu wakitoka kuswali adhuhuri, likalia tena. Wakaenda tena. Hamna kitu.

Jioni ile Mfaume alipita nyumba kwa nyumba. Hakupaza sauti.

"Likilia, fungeni milango," alinong'ona. "Na mkisikia mnaitwa, msiitike. Hata kama sauti mnaijua."

Siku ya tatu, mchana, likalia. Makomeo yakasikika kijiji kizima.

Hamisa alikwenda peke yake. Hasira yake ilizidi woga.

"Bi Mwanajuma, shikamoo," alisema pale kiwanjani.

Debe likanyamaza. Hata ndege walinyamaza. Kisha, katikati ya joto lile, pumzi ya baridi ikampita shingoni. Akageuka.

Akaona moshi. Safari hii ulikuwa moto wa kweli. Ulikuwa umeshavuka korongo, unakuja na upepo, unaelekea kijijini.

Alikimbia akipiga kelele mpaka koo likakauka. Hakuna aliyefungua. Akafika kwa Mfaume, akaugonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Kaka! Toka! Moto!"

Kisha sauti ndogo, karibu kabisa na mlango.

"Hamisa yuko kwake."

"Ni mimi, kaka! Fungua!"

"Ondoka, Mwanajuma. Sauti ya dada yangu huiwezi."

Aliusukuma mlango kwa bega. Mninga mzito. Haukutikisika. Cheche zikatua juu ya makuti.

Moshi ulipowaingia majumbani ndipo watu walipotoka, wanakohoa, wanakimbilia shamba la muhogo. Yassin, jirani, alikuja na shoka. Alichelewa. Paa lilikuwa limeshashika, joto likawarudisha nyuma. Hamisa alimsikia kaka yake akisoma dua. Kisha akikohoa. Kisha akilia kama mtoto.

"Hamisa! Dada yangu, njoo unitoe!"

Naye alikuwa pale pale, anaitika. Aliitika mpaka Yassin akamburuta. Kutoka ndani aliendelea kuitwa, kana kwamba hakuna aliyejibu.

Mfaume alizikwa kesho yake. Baada ya maziko watu walimtazama Hamisa kwa jicho lile lile walilomtazamia Bi Mwanajuma. Firdausi, mke wa Yassin, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wameanza kuuliza kwa nini ni yeye pekee aliyejua moto unakuja. Hamisa alichukua jembe akaenda kuondoa majivu ya nyumba ya ndugu yake, maana hakuna aliyejitolea kumsaidia.

Kwenye majivu palikuwa na nyayo. Zilianzia pale alipokutwa Mfaume, zikatoka mlangoni, zikashika njia ya kwenda kwenye kile kiwanja cheusi. Nyayo ndogo za mwanamke, pekupeku. Kando yake kubwa za mwanamume, zimeburuzika.

Zote zilikuwa na maji. Jua lilichoma mpaka magharibi, na hazikukauka.