Sauti ya Baba Kwenye Kadi Mpya

Diski ilikuwa imeshachomolewa, haina waya wala betri, na bado ilizunguka. Fundi aliitazama juu ya meza yake ya kazi, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Akaifunika kwa bakuli akaendelea na kazi. Hakuwa mtu wa kukimbizwa na chuma.

Ilitoka kwenye kicheza muziki cha mfukoni cha marehemu baba yake. Humo, baada ya nyimbo zote, baba alijirekodi akimwimbia mkewe kwa dakika mbili, anakosea maneno na kujicheka. Sauti yake haikubaki kwingine kokote. Mama aliisikiliza kila siku kwa miaka mitatu, mpaka diski ikaanza kukata roho, na fundi, binti yake, akaahidi kuweka humo kadi ya kumbukumbu isiyozunguka wala kuchakaa.

Fundi mwingine angenakili nyimbo tu. Yeye, kwa uchungu wa mwana, alinakili diski nzima, hata sehemu zilizoonekana tupu, isipotee hata pumzi ya baba. Hapo ndipo alipomkaribisha mgeni aliyejificha humo.

Kioo cha kicheza muziki kilipowaka, chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Bisibisi, mwanangu," spika ya mezani ilisema kwa sauti ya baba. "Nisogelee."

Mama, aliyeketi kwenye kigoda akisubiri, alishika kifua. "Ni yeye."

"Siye, mama," fundi alinong'ona. "Bisibisi ni jina nililopewa na wateja mwaka jana tu. Baba alikufa akiniita Kasuku."

Spika ikacheka. Kilikuwa kicheko cha baba kabisa, ila hakikuvuta pumzi, kikaendelea na kuendelea huku skrubu zikitambaa mezani na kujikusanya kuizunguka spika, na joto likipanda, na ile harufu ikiwaingia kooni mpaka mama akaziba pua kwa kanga na machozi yakimtoka.

"Nimejisokota ndani ya sauti yake," kilisema kile kitu. "Mkinifuta, mmemfuta. Niacheni, nami nitamwimbia mjane kila siku. Nyimbo mpya."

Fundi alifunua bakuli. Diski ya zamani ilikuwa imejikwangua hadi ikawa unga.

"Huwezi kuwatenganisha?" mama aliuliza taratibu.

"Siwezi. Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyemwingiza."

"Ulimtafuta baba yako. Hilo si kosa." Mama akanyoosha mkono. "Kitufe cha kufuta ni kipi?"

Sauti ikabadilika, ikawa laini, ikaanza wimbo ule ule wa dakika mbili. Safari hii maneno yote yalikuwa sahihi.

Mama alisikiliza mpaka mstari wa mwisho, kichwa kikitikisika polepole.

"Mume wangu hakuwahi kuumaliza wimbo huu bila kuuharibu," alisema. "Nilimpenda na makosa yake. Wewe unajua kuimba tu. Nilikuwa mjane kabla hujaja, na nitakuwa mjane ukishaondoka. Hunitishi."

Akabonyeza kitufe alichoonyeshwa na binti yake, akashikilia kidole pale pale ingawa plastiki ilimchoma, mpaka kioo kikaandika kwamba hakuna wimbo hata mmoja.

Harufu ikaisha. Skrubu zikalala. Ndipo mama alipolia, kilio cha siku ya kwanza ya msiba, na fundi akapiga magoti akamkumbatia. Katikati ya kwikwi mama akaanza kuuimba ule wimbo, akikosea maneno palepale alipokuwa akikosea mumewe.