Sauti Iliyofaulu Kila Jaribio

Programu ilifaulu kila jaribio, lakini mwisho wa kila simu ilivuta pumzi.

Munyao aliiweka simu mezani. Nje, jua la adhuhuri lilikuwa limeichapa Kitui hadi barabara ikanyamaza. Kazi yake ilikuwa kupima ubora. Hakuna programu iliyotoka ofisini mwao kabla hajaipitisha. Hii ingewapigia wajawazito kuwakumbusha siku ya kliniki, kwa Kikamba. Sauti ilikuwa ya Mbula, mkewe, aliyeirekodi kabla ya kuugua. Alizikwa kijijini Kalamba, msimu wa mvua uliopita.

"Mzee, si uipitishe tu?" alisema Nasima, aliyeiandika programu. "Haikwami, haikosei. Ama unataka ikupikie na chai?"

"Inapumua, Nasima."

"Huo ni upepo kwenye rekodi."

"Rekodi niliisafisha mwenyewe."

Nasima akaacha kucheka. Harufu ya ubani ilikuwa imeingia chumbani, na nyuma yake harufu ya udongo mbichi.

Simu ikalia. Alikuwa Mbithe wa kijiji cha Nuu, mmoja wa wajawazito waliokubali kuijaribu programu.

"Huyu mama yenu wa kwenye simu ana roho safi," alisema, "lakini mbona anampa mtoto jina? Ati nimwite Mbula. Si mnajua mtoto hapewi jina akiwa tumboni? Kabla ya jina, huyo bado ni wa mizimu."

Munyao alijua. Alijua pia kwamba maneno hayo hayakurekodiwa. Alikuwa amepima kama programu inasema ilichoagizwa. Hakuwa amepima kama inasema isichoagizwa. Akaifungua tena, akasikiliza salamu, akasikiliza siku ya kliniki, kisha ile pumzi, ndefu kuliko kifua cha mtu kinavyoweza kubeba, ikizidi kusogea hadi akaihisi baridi shingoni, na ndani yake sauti aliyolala akiisikia miaka yote ya ndoa ikamwambia, taratibu, kama mtu aliyerudi kutoka kisimani:

"Munyao, nimechoka kukaa nje."

Nasima alimleta baba yake, Abdulkadir, aliyekuwa akiwasomea wagonjwa dua pale mtaani, akiwa amemweleza yote. Mzee alinusa hewa kabla ya kuketi.

"Jini hana sauti yake, mwanangu. Huazima. Huyu ameazima ya mkeo. Ifute."

"Ndiyo pekee niliyobaki nayo."

"Najua. Pole."

"Na nikiiacha?"

"Ataazima na mwili. Yule mama wa Nuu anayo miwili, wake na wa mtoto."

 Munyao akaandika kwamba programu haifai, akazifuta rekodi zote, hata ile aliyoificha kwenye simu yake. Mzee Abdulkadir akasoma dua, akapuliza kwenye pembe za chumba. Harufu ikaondoka. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Munyao alihisi usingizi.

Mbithe akapiga tena. Safari hii alinong'ona.

"Yule mama wa ile sauti amekuja."

"Amekupigia?"

"Hapana. Yuko hapa, kitandani kwangu. Anasema umemfungia nje."

Munyao alitaka kuuliza kama Mbula amekonda, kama bado anakohoa. Akajizuia. Akauliza swali la kazi yake.

"Anafanya nini?"

"Ameniwekea mkono tumboni. Anamwita mtoto." Mbithe akaanza kulia. "Na mtoto anaitika."