Aliyegeuza Uso

Mikono miwili ilishika fungu moja la mwisho la majani ya kitunguu saumu, Jumamosi, katikati ya soko kuu la Hague.

"Achia," msichana alisema. Alivaa koti la buluu la madereva wa tramu na skafu nyekundu, nywele kazibana juu kwa kalamu. "Mwenye suti kama hiyo ana mpishi."

"Mpishi wa ubalozi anatia chumvi kama ana ugomvi na mtu. Tugawane."

"Wanadiplomasia! Hamjui kingine ila kugawana vya watu."

Lu Wenzhao, katibu wa pili wa ubalozi wa China, alicheka mpaka muuza mboga akageuka. Msichana aliitwa Marijke Mok, mzaliwa wa palepale, wazazi wake watu wa Guangdong. Waligawana fungu, wakapeana namba, na jioni hiyo Wenzhao alimpigia simu kumuuliza kama mboga imeiva. Baridi ilipoingia, kengele ya tramu tu ilitosha kumpandisha moyo.

Lakini afisa wa ubalozi wa China haruhusiwi kuoa raia wa nchi nyingine. Akimtaka, aache kazi. Basi Wenzhao alimpenda Marijke vichochoroni.

"Hivi mimi ni siri ya serikali?" Marijke alimtania. Naye akambusu badala ya kujibu.

Kisha mzee Mok akafariki, na Marijke akajiandaa kuyapeleka majivu ya baba yake kwao Guangdong.

"Usije kunisindikiza," alimwambia kwenye simu. "Una kazi."

"Sawa, mpenzi."

Kwa Wachina, msafiri hukataa kusindikizwa kwa adabu tu, anayempenda huja. Wenzhao alilijua hilo tangu utotoni. Na kwenye uwanja wa ndege alikuwapo, ila kwa jambo jingine: ujumbe kutoka Beijing ulitua asubuhi ileile. Alisimama nyuma ya balozi, shada la maua mkononi, akamwona Marijke anapita, gauni jeusi, sanduku la majivu kalikumbatia kifuani, macho yakimtafuta mtu kwenye umati. Wenzhao akageuka, akazika uso katika maua.

Tangu hapo sahani yake ilirudi jikoni haijaguswa. Marijke aliporudi, simu ililia.

"Wenzhao, nisamehe. Nilikununia bure. Nilisema usije, nawe ukatii neno kwa neno, kama Mholanzi. Ningesema wazi."

"Usijali," alijibu kwa sauti ndogo.

Msamaha ule ulimchoma kuliko tusi. Alikuwa kafunguliwa mlango wa kutorokea. Angenyamaza tu, wapendane kama zamani. Kesho yake alipanda tramu ya Marijke, akakaa mpaka mwisho wa njia, Scheveningen, abiria wote wakashuka.

"Mbona umekonda? Balozi anakulisha karatasi?"

"Marijke, sikukosea maana. Nilikuwa uwanjani. Nilikuona, nikajificha."

Tabasamu lilimtoka usoni taratibu.

"Uliniona na baba?"

"Nilikuona."

"Na jana nikakuomba radhi. Ukaniacha niombe!"

"Asubuhi nimemtajia balozi jina lako. Nimeomba kuacha kazi. Nataka kukuoa, lakini hata ukikataa, siirudii."

"Nani alikutuma uache kazi? Mimi nilitaka usimame karibu yangu. Basi." Akafuta macho kwa skafu, akaketi tena kwenye kiti cha dereva. "Mama yuko nyumbani. Kamwambie hivyo hivyo, usilainishe neno. Ukishatoka kwake ndipo nitajua kama nina jibu. Shuka, naondoka."

Mama Mok alifungua mlango akiwa na aproni, mikono imejaa unga.

"Wewe nani?"

Miaka yote Wenzhao alikuwa amejitambulisha kwenye kumbi kubwa kwa vyeo virefu, bila kukwama. Sasa alitaja jina tu.

"Naitwa Lu Wenzhao, Mama. Nampenda Marijke. Siku aliyombeba baba yake nilikuwa uwanjani. Nilimgeuzia uso kwa kuogopea kazi yangu."

Mama alimtazama kuanzia tai mpaka viatu, akarudi tena juu. Unga ulidondoka sakafuni.

"Vua viatu," alisema mwishowe. Akamwonyesha kwa kidevu picha ya mzee Mok, ubani ukifuka mbele yake. "Mimi umeshaniambia. Ingia umwambie na yeye."